Viharusi vitatu visivyoacha kovu

Barua ya rufaa ilikuwa na mistari minne. Wa pili ulisema: kiharusi, upande wa kulia, mara ya tatu. Umri, miaka 19. Barua za namna hii huwa nazisoma nikiwa nimesimama, lakini hii ilinifanya nivute kiti. Kijana wa miaka 19 akipata kiharusi unatafuta sababu. Akipata vitatu ndani ya miezi 11, na wiki moja kabla ya hiki cha tatu alikuwa uwanjani anacheza netiboli ya chuo, unaanza kuitilia shaka barua yenyewe.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu katika mji mmoja wa pwani. Mambo mengine ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Aliletwa na bajaji saa 12 jioni, amebanwa katikati ya bibi yake mzaa mama na rafiki anayelala naye chumba kimoja bwenini. Mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nilipomwuliza jina alinitazama, ukaona kabisa kwamba swali limemfikia, kisha kikatoka kitu kama neno ambacho hakikuwa neno. Akajaribu tena. Akaanza kulia.

"Shikamoo bibi," nikamgeukia mzee.

"Marahaba, baba. Ni yale yale. Yamemrudia."

Hiyo "yale yale" niliisikia, nikaipita. Nilikuwa na haraka ya presha na sukari. Ningeishika papo hapo ningejiokolea siku nzima.

Presha 116/72. Sukari 5.4, na hicho ni kipimo cha kwanza kwa yeyote aliyepooza ghafla, maana sukari ikishuka huweza kuiga kiharusi mpaka ukaapa. Homa hana, malaria hana, shingo haijakakamaa. Nguvu ya mkono wa kulia 2 kati ya 5, mguu 3. Nilipokwaruza unyayo wa kulia, kidole gumba kilipanda juu, ishara ya hitilafu kwenye njia za ubongo ambayo mtu haigizi. Hilo nililihitaji, kwa sababu muuguzi wa zamu, mtu makini kabisa kwa kazi yake, alikuwa amenivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba mitihani ya chuo inaanza Jumatatu. Kidole gumba hakijui ratiba ya mitihani.

Kifundoni, juu ya kiganja cha kulia, palikuwa na chale sita mbichi za wembe. Sikuuliza usiku ule.

Moyo niliusikiliza kwa muda mrefu. Huku kwetu homa ya baridi yabisi ya utotoni bado inaharibu vali za moyo, na vali mbovu hurusha mabonge ya damu yakaenda kuziba mshipa wa ubongo kwa vijana ambao hawajawahi kuugua presha. Hakukuwa na mlio wowote wa ziada, na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kilikubaliana nami kesho yake. Selimundu hana, VVU hana, kaswende hana. CT ya kichwa, yaani picha ya mionzi ya ubongo, ya pili kwake ndani ya mwaka huo, haikuonyesha damu wala uvimbe.

Usiku ule tulimhudumia kama mgonjwa wa kiharusi, na akija mwingine kama yeye leo nitafanya vilevile. Nalisema wazi kwa sababu wapo watakaosoma kisa hiki wakaona njia ya mkato. CT iliyo safi katika saa za mwanzo haimwondoi mtu kwenye kiharusi. Kuziba kwa mshipa kunaweza kusionekane mpaka baadaye. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo hakuna nafasi ya kusubiri ujue vizuri. Kupooza upande mmoja kwa mara ya kwanza ni kiharusi mpaka kionekane kuwa si kiharusi. Huyu tulimpima kumeza kabla ya kumpa maji, tukamlaza mahali pa kumwona, tukangoja.

Saa 9 usiku alitapika mara mbili na kujishika kichwa upande wa kushoto. Akaomba kwa ishara taa izimwe. Saa 4 asubuhi maneno yakaanza kumrudia, kwanza majina ya watu, kisha vitenzi. Mchana aliweza kufumba ngumi. Jambo la kwanza aliloomba lilikuwa daftari lake.

Rafiki yake alikuwa amelibeba pamoja na nguo. Ni daftari la maandalio ya masomo, na ukurasa aliokuwa akiuandika jana yake ulikuwa wa Hisabati darasa la nne, somo la sehemu. Mistari mitano ya juu ni mwandiko wa mwalimu: mviringo, umenyooka, unaweza kuubandika ukutani. Kwenye mstari wa sita maneno yanaanza kukatika mkia. "Wanafun". "Kipand". "Sehem". Nilimwuliza nini kilitokea hapo. Akasema upande wa kulia wa karatasi ulianza kumeremeta, kitu chenye pembe pembe, kinachojisuka chenyewe na kusogea nje, "kama ukili, lakini wa moto," na nyuma ya ule ukili, utepe kama wa kusukia mkeka, hakukuwa na karatasi tena.

Kwenye mstari wa tisa herufi zinakua kubwa na kushuka chini ya mstari. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, akaeleza: kidole cha mwisho kwanza, kisha kiganja, kisha kiwiko, halafu ganzi ikaruka bega zima na kutua kwenye pembe ya mdomo na nusu ya ulimi. Mstari wa kumi na moja unasema "sehemu ya sehemu ya sehemu ya". Wa kumi na mbili una neno moja ambalo si Kiswahili, si Kidigo, si Kiingereza. Baada ya hapo kuna mchirizi wa wino unaoteremka hadi ukingoni mwa ukurasa, pale kalamu ilipoanguka.

Alianza kuandika saa 8 kamili mchana, kengele ya chuo ilipolia. Rafiki yake alimpigia bibi alipoona kikombe kimemponyoka na mguu unaburuta. Simu ilikuwa na kumbukumbu ya saa 8 na dakika 52.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini ile barua.

Kiharusi hupiga. Ndiyo maana hata jina lake la zamani mitaani ni kupigwa na upepo. Mtu anashika kikombe, mara hakishiki; uso, mkono na maneno huondoka pamoja, na kinachobaki ni upungufu mtupu, giza, kimya, udhaifu. Kilichomo kwenye daftari hakikupiga, kilitembea. Kilianza na mwanga ambao haukuwepo, kikaja na mchonyoto ambao haukuwepo, kila kimoja kikisogea taratibu na kumpisha mwenzake: macho, ganzi, maneno, nguvu. Mtukutiko wa kifafa nao hutembea mwilini, na huweza kuacha mkono umepooza kwa saa kadhaa, ila mwendo wake ni wa sekunde, dakika moja au mbili. Dakika 40 na ushee ni mwendo wa kitu kingine.

Mwendo huo umepimwa. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, Karl Lashley, alichapisha michoro ya ukili wake mwenyewe. Alikuwa na kipandauso, na kila ulipomjia aliuchora ukisogea machoni pake. Akakisia kwamba kitu kinachousababisha kinatambaa juu ya gome la ubongo kwa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, 1944, Mbrazili Aristides Leão, akiwa Harvard, aliona kwenye ubongo wa sungura wimbi la seli kuwaka na kisha kuzimika, likienda kwa kasi hiyo hiyo. Sehemu ya kuona iko kisogoni. Mbele yake, njiani, ndipo palipo hisia za mwili, kisha nguvu za misuli, na kwa upande wa kushoto maneno. Piga hesabu ya dakika 30 mara milimita 3: sentimita 9. Zinatosha kabisa kulitoa wimbi kisogoni na kulifikisha kwenye mkono wa binti huyu. Maumivu ya kichwa huja nyuma, kama wageni waliochelewa basi.

Wengi wetu tunalijua neno kipandauso kama maumivu ya nusu kichwa yanayomfungia mtu chumbani. Baadhi ya wenye nacho hupata mwanga na ganzi kabla ya maumivu. Aina inayofika hadi kupooza, kipandauso cha kupooza upande mmoja, ni adimu. Utafiti uliofanyika Denmark ulikuta kama mtu 1 kati ya 10,000. Huwapata zaidi wanawake, na huanza mara nyingi utotoni au kwenye ujana. Kupooza huisha chenyewe, kwa kawaida ndani ya siku tatu, ingawa kwa wachache huchukua wiki. Ili ukiite kwa jina hilo unataka mashambulizi yasiyopungua mawili, yenye udhaifu unaoisha wote na dalili nyingine za macho, hisia au maneno, na uwe umewafukuza wahalifu wengine wote. Madaktari wamekuwa wakiuandika ugonjwa huu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1910 J. Michell Clarke wa Uingereza alieleza ukoo uliokuwa ukipooza hivi kizazi baada ya kizazi.

Ukoo. Nikalikumbuka "yale yale" la bibi.

Kabla ya bibi, hata hivyo, nilikuwa na maswali ambayo binti asingeyajibu mbele yake. Nikamwomba mzee akatusaidie kununua maji. Akaniangalia kwa jicho la mtu aliyelea watoto saba, akaondoka pole pole. Binti akasema anatumia vidonge vya majira, ameanza miezi mitano iliyopita, amevinunua duka la dawa. Shambulio la kwanza lilikuwa kabla ya vidonge na liliisha ndani ya saa moja. La pili na la tatu yalikuja baada yake, na yote mawili yalikuwa marefu. Kisha akafungua kipochi chake akatoa kidonge kingine, alichopewa dukani hapo hapo alipolalamikia kichwa: ergotamini iliyochanganywa na kafeini.

Vitu viwili katika kipochi kimoja, na vyote vibaya kwake. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ile ya estrojeni ikiwemo, huongeza hatari ya kiharusi cha kweli kwa mwanamke mwenye kipandauso chenye dalili tangulizi, na Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye daraja la visitumike kabisa kwa watu hao. Ergotamini hubana mishipa. Kwa mwenye kupooza imekatazwa, na dawa nyingine za kipandauso, za jamii ya triptani, nazo karatasi zake zinamkataza. Simlaumu sana muuza dawa. Yeye aliambiwa kichwa kinauma nusu, hakuambiwa mkono hauinuki. Uzazi wa mpango hakulazimika kuuacha: kijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja vipo, na alichagua kijiti. Bibi aliporudi na maji hakuuliza kitu. Nadhani alikwisha jua.

"Bibi, jana ulisema ni yale yale. Yale yapi?"

Akakaa kwanza. Mama wa binti huyu, ambaye alifariki kwa uzazi miaka mingi nyuma, alikuwa "mtu wa upepo". Akianza kuona nyota mchana, wanamtandikia mkeka kabisa, maana baada ya hapo atapooza mkono na kuropoka maneno ya majini. Kesho yake anachota maji kisimani. Wakamnywesha kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya dua, wakachinja mbuzi, upepo ukawa unakuja na kuondoka kwa ratiba yake. Chale za mjukuu zilikuwa ni mwendelezo wa matibabu hayo, na kilichonikera hapo ni wembe wenyewe. Kuhusu imani sikubishana naye, kwa kuwa kama uchunguzi wa mwendo wa ugonjwa, maelezo yake yalikuwa sahihi kuliko ya barua yetu. Nyota, mkono, maneno. Mpangilio ule ule wa daftari.

"Na mjomba wake," akaongeza, "lakini huyo ni pombe."

Ilinichukua wiki tatu kumpata huyo mjomba. Alikuja kliniki na mpwa wake, mwanamume wa miaka 40 na kitu, kanzu safi, anaingia mlangoni kwa kupanua miguu kama anayetembea ndani ya mashua. Alinisalimia kwa sauti ya kukatakata, silabi moja moja. Nikamwambia afuate kidole changu kwa macho, na macho yakaanza kucheza pembeni, tik, tik, tik. Aguse pua yake kisha kidole changu: mkono ukayumba hadi ukanigonga miwani. Harufu ya pombe hakuna. Hajawahi kuionja maishani, akasema, na bibi akatazama chini.

Alipokuwa na miaka minane alianguka kutoka tawi la chini la mwembe, kimo cha mtu mzima, akasimama na kucheka. Saa chache baadaye akapata homa, akapoteza fahamu, akalala siku nne. Hospitali ya wakati ule ilimtibu malaria ya kichwa. Aliamka na mkono uliopooza kwa wiki mbili. Tangu hapo hupata nyota na ganzi mara mbili tatu kwa mwaka, na mwendo umezidi kuharibika taratibu.

Hicho ni kisa cha kitabuni, na sikutarajia kukiona kikiingia mlangoni na kanzu. Mwaka 1996 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walipata jeni ya kwanza ya ugonjwa huu, katika kromosomu ya 19. Ni jeni inayotengeneza mlango wa kalsiamu kwenye seli za neva. Ya pili, ya pampu ya sodiamu na potasiamu, ilipatikana 2003, na ya tatu, ya mlango wa sodiamu, 2005. Zote hufikia mahali pamoja: gome la ubongo huwa jepesi kuwashwa lile wimbi. Ila ile ya kwanza ina tabia zake za ziada. Baadhi ya wenye nayo huharibika ubongo mdogo wa kisogoni, unaoshika mizani ya mwili, wakayumba na macho yakacheza. Na kwa baadhi yao, pigo dogo tu la kichwa linaweza kuleta uvimbe wa ubongo, homa na kuzimia kwa siku kadhaa; wapo waliokufa hivyo. Mzazi mwenye jeni hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Jeni za familia hii hazijapimwa. Kipimo hicho maabara yetu haina, na kisingebadilisha matibabu yao kwa sasa. MRI ya binti, picha ya ubongo ya sumaku, ilifanyika mji mwingine, kwa mchango wa ukoo, siku ya tisa baada ya shambulio. Haikuwa na kovu hata moja. Viharusi vitatu, kimoja kikiwa kimemlaza karibu saa 20, vingetegemewa kuacha angalau alama.

Kwa matibabu, ergotamini na vidonge vya majira viliondoka siku ile ile. Shambulio likianza anakunywa ibuprofeni mapema pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, analala gizani, na haachwi peke yake. Dawa za maumivu zisizidi siku mbili kwa wiki, la sivyo zenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Kwa kuzuia nilichagua verapamili, dawa ambayo duka lolote inaijua kama ya presha na moyo, baada ya kuhakikisha umeme wa moyo wake uko sawa. Ushahidi wake kwa ugonjwa huu ni wa wagonjwa wachache wachache, kama ilivyo kwa kila dawa ya ugonjwa adimu. Asetazolamidi, lamotrijini na flunarizini zingefaa pia. Valproati sikuitaka kwa msichana wa umri wa kuzaa. Katika miezi sita iliyofuata alipata ukili mara mbili, ganzi mara moja, kupooza hakuna. Mtihani aliufanya kwa marudio, akafaulu.

Tulimwandikia kadi ya Kiswahili ya kuweka kwenye pochi ya simu: ana ugonjwa gani, dawa gani asipewe, kwamba pigo la kichwa kwake ni dharura hata akionekana mzima. Na chini, kwa kalamu nyekundu: kupooza kukija ghafla bila nyota na bila ganzi inayotembea, au kusipoondoka kama kawaida yake, akimbizwe hospitali kama mgonjwa yeyote wa kiharusi. Kuwa na kipandauso si kinga ya kiharusi. Netiboli aliiacha kwa hiari yake, kwa kuhofia kugongwa kichwa. Aliniambia hilo huku akitazama dirishani.

Mjomba nilimwanzishia asetazolamidi, ambayo wakati mwingine hupunguza kuyumba kwa watu wa aina yake. Alisikiliza maelezo yote hadi mwisho bila kuuliza. Nilipomaliza akasema aliwahi kuajiriwa ulinzi mara tatu, na mara zote tatu alifukuzwa kwa ulevi. Hata shughuli za msikitini watu humpisha kwa mbali. Akasogeza kiti karibu na meza.

"Daktari, nakuomba niandikie karatasi. Iseme si pombe."

Nikaandika. Akaisoma taratibu, kidole kikiyumba juu ya kila neno, kisha akanirudishia.

"Na muhuri," akasema.